Mchujo ni wa Nani? Mjadala Juu ya Kura za Mississippi

Tarehe 3 Juni 2014, kura 318,902 zilipigwa katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, kwenye mchujo wa chama cha Republican wa kumtafuta mgombea wa kiti cha Seneti. Chris McDaniel, seneta wa jimbo kutoka Ellisville, alipata 157,733. Thad Cochran, aliyekikalia kiti hicho tangu Desemba 1978, alipata 156,315. Mgombea wa tatu, Thomas Carey, aliambulia 4,854. McDaniel aliongoza lakini hakufika nusu, na sheria ya Mississippi inataka nusu na kura moja juu yake. Alipungukiwa kura zisizofika 2,000. Duru ya pili ikapangwa wiki tatu mbele, tarehe 24 Juni, na siku hiyo aliyetangulia akaanguka: Cochran 194,932, McDaniel 187,265. Tofauti ni kura 7,667.

Hesabu hizo watu huzisimulia vibaya. McDaniel hakukimbiwa na watu wake. Alirudi duru ya pili na kura 29,532 zaidi ya zile za kwanza. Ila Cochran aliongeza 38,617. Jumla ya kura ilipanda kwa zaidi ya 63,000, jambo la nadra, maana kawaida ya duru ya pili ni watu kupungua. Hawa wapya walitoka wapi? Wengi walitoka mitaa ya Wamarekani weusi, watu ambao kila uchaguzi mkuu wa Novemba humpigia Democrat. Katika Kaunti ya Hinds, uliko mji mkuu wa Jackson, kura za Cochran zilitoka chini ya 11,000 zikafika karibu 18,000.

Je, walikuwa na haki ya kuja? Swali hilo limetugawa barazani kwetu Mombasa, na si mara moja. Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu aliyesimamia vituo vya mchujo wa chama zaidi ya mara moja. Dada yangu ni wakili. Nimeyaandika maneno yao jinsi walivyoyasema juzi, dele la kahawa likiwa katikati, na pale nilipojiingiza nimejitaja.

MJOMBA: Mimi siangalii rangi ya mtu. Naangalia neno lenyewe: chama. Mama yenu ana chama chao cha akina mama. Kila mwezi mchango, kila mwezi mmoja anapokea. Je, jirani asiyetoa hata shilingi huingia siku ya kuchagua mweka hazina akainua mkono?

DADA: Hainui, Mjomba. Lakini mweka hazina wa Mama hatungi sheria inayomfunga yule jirani. Kule Mississippi, Democrat wa mwisho kushinda uchaguzi wa Seneti ni John Stennis, mwaka 1982. Tangu hapo anayepita mchujo wa Republican ndiye seneta. Novemba watu huenda kuthibitisha tu, siku ya kuchagua ni ile ya mchujo. Ukimwambia mtu wa Jackson asubiri Novemba, umemwalika karamuni wakati vyombo vinaoshwa.

MJOMBA: Basi na ajenge chama chake kipate nguvu. Mwanangu, Republican walikuwa na ugomvi wao wa ndani, ugomvi wa haki kabisa. McDaniel na watu wa mrengo wa Tea Party walisema serikali ya Washington inatumia fedha kupita kiasi, na Cochran ni katika waliozoea kuzigawa. Wengine wakasema fedha hizo ndizo zimejenga jimbo. Huo ni ugomvi wa ndugu. Wenyewe walikaa wakaupigia kura, nusu kwa nusu, na mmoja akatangulia. Kisha majirani wakaitwa wakaamua. Ndugu aliyeshindwa namna hiyo atalala vipi?

DADA: Atalala akijua kuwa fedha anazogombania si za ndugu peke yao. Mississippi ni katika majimbo maskini kabisa ya Marekani. Kimbunga cha Katrina kilipoipiga pwani yake mwaka 2005, Cochran alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Matumizi ya Seneti, na ni yeye aliyesukuma fedha za kujenga upya. McDaniel alipoulizwa mwaka 2014 kama angeuunga mkono msaada ule, hakutoa jibu la moja kwa moja. Mama mweusi ambaye mtoto wake anakula chakula cha shule kinacholipiwa na serikali kuu amesikia jawabu hilo. Akae nyumbani kwa kuwa ugomvi si wake?

Hapa nilimuunga mkono Dada kimoyomoyo, lakini Mjomba hakuwa amemaliza. Alitaka tuutazame mlango wenyewe unavyofungwa.

Mississippi haiandikishi wapiga kura kwa chama. Daftari halina safu ya chama. Siku ya mchujo unafika kituoni, unasema unataka karatasi ya chama gani, unapewa. Sharti linaloshika ni moja: aliyepiga kura katika mchujo wa Democratic tarehe 3 Juni haruhusiwi kuruka upande wa pili tarehe 24. Na kwa kuwa mchujo wa Democratic mwaka ule haukufikisha hata kura laki moja, wengi walikuwa huru kuja. Kipo pia kifungu kinachosema mtu asishiriki mchujo wa chama ikiwa hana nia ya kumuunga mkono atakayeteuliwa, lakini kifungu hicho hakina meno. Hakuna karani wa kituo anayeweza kuichungulia nia iliyo moyoni.

MJOMBA: Sheria yenyewe basi inakubaliana nami! Imesema nia. Imeshindwa tu kuilinda.

DADA: Sheria ilisema hivyo, na historia ya sheria hiyo ndiyo inayonifanya niiogope. Mjomba, niwie radhi, nitasema neno zito. Hoja yako ya chama kama kikundi cha binafsi si ngeni. Katiba ya Mississippi ya 1890 iliwanyang'anya watu weusi kura kwa kodi ya kichwa na mtihani wa kuielewa katiba. Mwaka 1902 ikaja sheria ya mchujo, na chama cha Democratic, ambacho siku hizo ndicho kilichotawala Kusini yote, kikaufanya mchujo wake kuwa wa Wazungu tu. Texas nayo ilikuwa vivyo hivyo. Daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith, alikwenda kupiga kura katika mchujo akarudishwa. Wakili Thurgood Marshall akaipeleka kesi mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Upande wa pili ulijibu kwamba chama ni mkusanyiko wa hiari na hujichagulia wanachama wake. Neno kwa neno, Mjomba, ni hoja ya mweka hazina. Tarehe 3 Aprili 1944 majaji wanane kati ya tisa waliikataa.

MJOMBA: Usinitie kapu moja na watu wale.

DADA: Sikutii. Nasema mlango uleule ulitumika.

MJOMBA: Na mimi nakujibu kwa mahakama ileile. Wewe ndiye uliyenisomea kesi ya California ya mwaka 2000. Jimbo lilitaka mchujo wa wazi kwa kila mtu, vyama vikashtaki, na majaji saba kati ya tisa wakasema serikali haiwezi kukilazimisha chama kikubali wageni wamchagulie mgombea. Na huko huko Mississippi, mwaka 2006, walioenda mahakamani kutaka mlango ufungwe walikuwa nani?

DADA: Chama cha Democratic.

MJOMBA: Chama cha Democratic! Kwa sababu Republican walikuwa wakiingia kwao. Jaji akawakubalia mwaka 2007, mahakama ya rufaa ikaitengua mwaka uliofuata. Kwa hiyo kila mwenye nyumba anataka kufuli. Anayesifu mlango wazi ni yule anayepita.

Dada alicheka, akakubali kwamba katika sheria Mjomba ana mguu wa kusimamia. Kesi ya California inazungumza juu ya jimbo linalokilazimisha chama, na Republican wa Mississippi hawakuwa wamelazimishwa na mtu kuwaita wapiga kura weusi. Kambi ya Cochran yenyewe iliwafuata. Kikundi cha wafadhili alichokiongoza Henry Barbour, mpwa wa gavana wa zamani Haley Barbour, kilitoa fedha za kuwahamasisha. Kwa hiyo si sahihi kusema wageni walivamia. Nusu ya nyumba iliwafungulia nusu nyingine ikiwa imelala, na hapo ndipo uchungu wa McDaniel ulipo.

Nilimuuliza Mjomba kwa nini jambo la mbali namna hii linamchoma. Akatusimulia mchujo wa mwaka 2017, aliposimamia kituo cha chama ambacho hakukitaja, nami sikitaji. Daftari la wanachama halikufika. Wakaambiwa kila mwenye kitambulisho apige. Kabla ya adhuhuri zikaja matatu mbili zimejaa vijana ambao hakuna hata mmoja mtaani aliyewajua. Karatasi zikamalizika saa nane, wazee waliopanga foleni tangu alfajiri wakarudi nyumbani mikono mitupu.

MJOMBA: Nililifunga sanduku kwa mikono hii nikijua ndani yake mmejaa uongo. Ndiyo maana ukiniambia watu wasio wa chama wameamua mchujo, mimi siwaoni hao mama zako wa Jackson. Naziona matatu zile.

DADA: Na ulichokiona wewe kilikuwa wizi, Mjomba. Watu wale hawakuwa wa mtaa wako, na pengine walipiga mara tatu siku ileile. Mpiga kura wa Mississippi ana jina katika daftari la kaunti yake, anapiga kituoni kwake, na jina lake linabaki kitabuni. Wafuasi wa McDaniel walizunguka kaunti kwa kaunti wakivipekua vitabu hivyo wakitafuta waliovuka kinyume cha sharti. Uliwahi kuona kitabu cha kupekua baada ya mchujo ule wa kwako?

MJOMBA: Sikukiona.

Kukawa kimya kidogo. Nilidhani yamekwisha, kumbe Mjomba alikuwa anarudi nyuma zaidi.

MJOMBA: Niwaambie la 1988, nyinyi mlikuwa wadogo. Mlolongo. Chama ni kimoja, KANU. Hakuna kura ya siri kwenye mchujo. Unakwenda uwanjani unapanga foleni nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, chifu anakutazama, mwajiri wako anakutazama. Anayepanga ni mwenye kadi ya chama tu. Na aliyepata asilimia 70 amepita, habari imekwisha, huyo ni mbunge bila kura ya siri kupigwa. Mimi nilikuwa na kadi. Mwalimu angekosaje kadi? Nilipanga nyuma ya picha ya mtu nisiyemtaka. Jirani yangu mvuvi hakuwa na kadi, alisimama nje ya uzio akituangalia sisi tukimchagulia mbunge wake. Sijamsahau alivyosimama.

Dada hakusema kitu, na alifanya vyema. Mimi ndiye niliyesema, kwa kuwa mjadala wote ulikuwa umefika hapo wenyewe: jirani yule mvuvi na mpiga kura wa Jackson ni mtu mmoja. Wote wawili wanatawaliwa na matokeo ya mchujo wa chama kisicho chao, na wote wawili wana uchaguzi mkuu usiokuwa na uchaguzi ndani yake. Tofauti ni kwamba mwaka 2014 yule wa Jackson aliweza kuuvuka uzio.

Naye alikuwa ameusubiri sana. Mwaka 1964 watu weusi wa Mississippi walioandikishwa kupiga kura walikuwa asilimia 6.7 tu ya waliostahili. Majira ya joto ya mwaka huo vijana walikwenda kuwaandikisha, na tarehe 21 Juni watatu kati yao, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, wakauawa katika Kaunti ya Neshoba. Agosti hiyo Fannie Lou Hamer na wenzake wa chama cha Mississippi Freedom Democratic Party walisafiri hadi mkutano mkuu wa Democratic huko Atlantic City. Hoja yao ilikuwa kwamba ujumbe uliotumwa na jimbo ulikuwa wa Wazungu watupu na ulichaguliwa bila wao, hivyo si halali. Wakaahidiwa viti viwili. Wakavikataa. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Duru ya pili ya Cochran na McDaniel ilipigwa miaka 50 na siku tatu baada ya mauaji ya Neshoba, na aliyeinusuru kazi ya seneta wa Republican ni mjukuu wa wale waliozuiwa mlangoni.

DADA: Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

MJOMBA: Na wakasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haya, nimekubali walikuja, na nimekubali walikuwa na haki, kwa ajili ya yule mvuvi. Sasa nijibuni hili. Hamer alipewa viti viwili akavikataa kwa kuwa ni vichache. Hawa wa 2014 walipewa vingapi? Chama kiliwaita Juni. Julai kiliwapa jembe, kiliwaonyesha shamba? Au waliondoka kama walivyokuja? Mahakama ya Juu ilikuwa imeikata miguu ile Sheria ya Haki za Kupiga Kura mwaka mmoja tu nyuma, Juni 2013. Bunge la Marekani limeirudisha?

DADA: Halijairudisha.

MJOMBA: Basi kura iliyoombwa kwa wiki tatu ikalipwa kwa shukrani za usiku mmoja, mimi naihesabu kuwa imekopwa.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na Dada alilijibu kwa uangalifu. Alisema aliyekwenda kupiga kura siku ile hakwenda kuajiriwa na Republican. Alikwenda kuchagua, kati ya watu wawili ambao mmoja wao angemwakilisha atake asitake, yule ambaye madhara yake ni madogo. Hiyo ni siasa ya mtu mzima, na haihitaji kadi. Lakini hakukana kwamba deni lilibaki. Mimi naona Mjomba ana haki kwenye deni, na hana haki ya kulifanya sababu ya kufunga mlango. Aliyekopwa hudai, hafukuzwi.

Limebaki la mwisho, la namna matokeo yanavyopingwa, na hapa nina lawama. McDaniel hakukubali kushindwa. Tarehe 4 Agosti, siku 41 baada ya duru ya pili, aliwasilisha pingamizi kwa chama chake. Alidai kuna kura 3,500 za waliovuka isivyo halali, nyingine 9,500 zenye kasoro, na 2,275 za wasiokuwepo ambazo hazikupigwa ipasavyo. Madai hayo, yangethibitika, yalitosha kuyafunika yale 7,667. Chama kikamwambia nenda mahakamani. Tarehe 29 Agosti Jaji Hollis McGehee akaitupa kesi kwa sababu muda ni siku 20 naye amechelewa, na tarehe 24 Oktoba Mahakama ya Juu ya Mississippi ikakubaliana na jaji, wanne kwa wawili.

DADA: Muda ni muda. Anayetaka kupindua uchaguzi aje haraka au anyamaze.

MJOMBA: Muda ni muda, lakini hakuna mahakama iliyoyafungua madai yale ikayapima. Mimi najua jinsi sanduku lisilofunguliwa linavyokaa kifuani.

Hapo niko na Mjomba. Kosa la kuchelewa ni la McDaniel na mawakili wake, na jaji aliisoma sheria ilivyo. Hata hivyo, chama kiliendesha mchujo wenye wapiga kura zaidi ya 380,000, kikapokea madai yenye namba, kikayasukuma kwa mwingine bila kuyasikiliza. Kama kura moja moja za waliovuka zingehesabiwa hadharani, kila aliyekwenda kupiga kura siku ile kutoka Jackson angeondokewa na tuhuma. Wafuasi wengi wa McDaniel waliondoka wakiamini wameibiwa na watu weusi, na imani hiyo haikupaswa kuachwa hai. Anayeutetea mlango wazi kama ninavyoutetea mimi ndiye anayepaswa kudai daftari safi, vitabu vya vituo vilivyo wazi, na kusikilizwa kwa kila pingamizi kabla muda haujapita.

Hukumu yangu, basi. Wapiga kura wa 24 Juni 2014 walikuwa na haki ya kuwa pale, na Cochran alishinda kwa halali. Chama kinachojua kitachukua kiti kila mwaka kimejifanya serikali, na mchujo wake ni wa wote watakaotawaliwa. Siku chama hicho kitakapokuwa na mshindani anayeweza kukishinda Novemba, Mjomba atakuwa na haki ya kufunga mlango wake, nami nitamshikia ufunguo.

Cochran alimshinda Democrat Travis Childers Novemba 2014 kwa karibu asilimia 60. Alijiuzulu tarehe 1 Aprili 2018 kwa sababu ya afya, akafariki mwaka uliofuata. Uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi yake haukuwa na mchujo wowote: wagombea wote waliwekwa kwenye karatasi moja, bila majina ya vyama. McDaniel aligombea tena akawa wa tatu, kwa takribani asilimia 16. Mike Espy, Democrat mweusi, alimlazimisha Cindy Hyde-Smith wa Republican kwenda duru ya pili, na tarehe 27 Novemba 2018 akapata zaidi ya asilimia 46. Hazikutosha. Kiti hicho hakijarudi kwa Democrat tangu James Eastland alipokiacha Desemba 1978.